Korija Saba Kasoro Saba

Wiki hii wanaezeka upya bwalo letu la chakula. Makuti ya zamani yameshushwa na kurundikwa nyuma ya jiko, na mapya yameletwa kwa trela la trekta. Jana yalinyeshewa na mvua ya rasharasha, na tulipoingia kula maharagwe harufu ikanipiga usoni, ile harufu ya kuti lililolowekwa likakauka likarowa tena, tamu na chachu kwa pamoja, kama chai iliyolala sufuriani. Niliacha sahani mezani nikatoka. Fundi mmoja alikuwa chini akimrushia mwenzake vifungu huku akihesabu kwa sauti: "Korija. Korija ya pili. Hii ya tatu ina kasoro, ngoja kwanza." Nikasimama pale kama mtu aliyeitwa jina lake na asiyemjua.

Wenzangu wa kidato cha tatu wanajua mimi si msemaji, na wengine wanadhani ni maringo. Katika daftari hili sina haja ya kujitetea. Ila kuna jambo la darasa la tano ambalo sijapata kuliandika, na nadhani ni kwa sababu kila nikianza natafuta njia ya kujifanya mzuri ndani yake. Leo sitafuti.

Mwenye rika langu ataukumbuka mwaka ule. Mtaala ulikuwa umebadilika, vitabu havitoshi, na wazazi wameambiwa wajenge banda la ufundi. Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya mji wa Malindi, pale ambapo minazi inaanza kuzidi nyumba. Tangu darasa la tatu tulikuwa tukifunzwa na Mwalimu Charo, na kwake hesabu zilikuwa wimbo. Saba mara nane, hamsini na sita! Darasa zima liliyumba pamoja, nami niliupenda wimbo ule kwa sababu ndani yake hapakuwa na aliyejua kama kinywa changu kimefunguka au hakikufunguka. Jibu lilikuwa sawa ukapata vema, au lilikuwa kosa ukapata fimbo, basi. Mara moja tu aliniona nikigusagusa ukingo wa dawati kwa vidole na macho nimeyafumba. "Unahesabu makuti ya mamako?" akasema. "Za nyumbani ziache nyumbani." Watu wakacheka. Sikumchukia, lakini neno lile nililishika kama sheria.

Ndipo ukaja waraka. Mwalimu mkuu alitusomea asubuhi tukiwa tumepiga foleni uwanjani. Afisi ya elimu ya wilaya sasa ilitaka masomo makuu yafunzwe kwa njia nyingine, yaani hesabu, Kiingereza, Kiswahili na sayansi. Mtoto afahamu, asikariri. Aanze na anachokijua nyumbani. Aeleze njia aliyopitia. Maneno hayo yakaandikwa kwa rangi kwenye karatasi kubwa ya manila, yakabandikwa juu ya ubao, na kila siku kabla ya somo la kwanza tukasimama na kuyaimba. Afahamu, asikariri! Tuliyakariri kwa siku mbili tu. Hata leo ukiniamsha usingizini nitakutolea yote bila kuruka neno.

Nami kwa akili yangu ya wakati ule nilidhani Wilaya ni mtu. Walimu walisema, "Wilaya inataka hivi, Wilaya haitaki vile," nami nikamwona, mwanamke mnene mwenye miwani, ameketi mahali penye feni, asiyependa watoto wanaokariri. Niliogopa siku atakayokuja. Nilidhani atanitazama tu ajue.

Mwalimu Nduku alikuja wakati mmoja na waraka, kwa hivyo nikaamini ametumwa na yule mwanamke. Alikuwa mwembamba, mgeni kutoka bara, ametoka chuoni juzi, na Kiswahili chake kilitufurahisha. Alisema "kuja hapa" na "hii jibu," na Kadzo, msichana wa darasa letu, alikuwa akimwigiza wakati wa mapumziko mpaka tukashika mbavu. Lakini Mwalimu Nduku hakubeba fimbo. Alikuwa na swali. Alipita dawati kwa dawati, akainama, akaweka kidole kwenye daftari lako na kuuliza, "Umepataje hii jibu?"

Nyumbani kwetu swali hilo liliulizwa kwa jambo moja tu. Nikiwa mdogo niliwahi kurudi na kitana chekundu nilichokiokota njiani. Mama aliacha kushona, akatabasamu, akauliza, "Umekipataje, mama?" Nikasema nimekiokota. "Wapi? Na nani alikuona?" Kisha akanishika mkono tukazunguka nyumba tatu hadi mwenye kitana akapatikana, nami nikakitoa mbele ya watoto wake. Tukirudi mama hakunipiga. Alisema tu kwamba kitu usichoweza kueleza ulikipataje, si chako.

Sasa nifikirie mimi, na mwalimu ameinama juu ya daftari langu, anatabasamu vilevile, anaweka kidole juu ya jibu langu na kuuliza nililipataje. Na ubaya ni kwamba nilijua vizuri nilikolitoa. Nililitoa kwenye makuti ya mama.

Mama alikuwa akishona makuti ya hoteli zilizokuwa zikijengwa kule ufuoni. Babu yangu, babake, aliuza boriti maisha yake yote, na boriti huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, kwa hivyo katika nyumba yetu kila kitu kilihesabiwa kwa korija, hata mayai. Mama alifunga makuti ishirini ishirini na kuviegemeza vifungu ukutani. Kuti la juu la kila kifungu hukwaruzwa na kamba njiani, na mama hakulihesabu kamwe. "La juu ni nguo," alisema, "si mwili." Basi kila kifungu kilikuwa korija kasoro moja. Vifungu saba vilikuwa korija saba kasoro saba. Nilipoulizwa shuleni kumi na tisa mara saba, nilifumba macho nikaviona vile vifungu vimeegemea ukuta na zile nguo zao saba nikazivua, nikabaki na mia moja thelathini na tatu. Karatasi ya nini?

Lakini hizo zilikuwa hesabu za nyumbani, na nilishaambiwa ziache nyumbani. Kwa hivyo Mwalimu Nduku aliponiuliza, niliona amenishika na kitu kisicho cha shule. Nikanyamaza. Juu ya kichwa chake karatasi ya manila ilisema aanze na anachokijua nyumbani. Nilikuwa nimeliimba neno hilo asubuhi ileile. Halikunipitia akilini hata kidogo kwamba lilikuwa linanisema mimi.

Kadzo ndiye aliyekaa nami dawati moja. Walikuwa wamehamia kutoka Marafa, baba yake akifanya kazi ya bustani katika hoteli, na tangu siku ya kwanza alichukua kazi ya kunisemea. Jina langu likiitwa rejestani, yeye ndiye aliyeitika, "Yupo, mwalimu!" Nikitaka kutoka nje, yeye ndiye aliyeniombea ruhusa. Wengine waliniita Bubu. Kadzo naye aliniita Bubu, lakini kwake lilikuwa jina, halikuwa tusi. Mchana alikuja kwetu, tukakaa na mama kwenye kivuli cha ukuta tukimchambulia makuti, na hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwani pale nilikuwa mimi msemaji na yeye msikilizaji. Kadzo hakujua hesabu. Wimbo wa Mwalimu Charo aliuimba kwa sauti kuliko sote na hakuna kilichobaki. Nikamfunza korija. Nilimwekea vifungu, nikamwambia fumba macho, sasa vua nguo. Alicheka mpaka akaanguka. "Kumbe hesabu zenyewe ndizo hizi!" alisema. "Mbona hawakusema?"

Mwalimu Nduku alitupa jaribio la maswali kumi. Siku aliyorudisha karatasi alituita mimi na Kadzo mbele.

"Nyinyi wawili mmepata tisa," akasema. "Majibu ni yale yale. Namba tisa mmekosa, na mmekosa sawasawa. Na hakuna mmoja ameonyesha njia." Akainua karatasi yangu. "Thelathini na nane mara sita. Umeandika mia mbili ishirini na nane. Ni kweli. Umepataje?"

Nilitazama vidole vyangu vya miguu. Nilitaka kusema. Maneno nilikuwa nayo yote, yamepangana kooni kama vifungu, lakini nikaona kitana chekundu, nikaona nyumba tatu, nikaona yule mwanamke mwenye miwani, nikaishika sketi yangu kwa mikono miwili na kubana miguu.

"Sitaki kuchapa mtu," Mwalimu Nduku akasema, na sauti yake ilikuwa na huzuni ya kweli. "Nataka tu kujua. Mmoja aliangalia kwa mwenzake. Nani?"

"Mimi," Kadzo akasema.

Hakunitazama. Alisema vile alivyoitika jina langu rejestani, upesi, ili jambo lipite.

Mwalimu alishusha pumzi. Hakumpiga. Alimwambia kwa upole kwamba njia mpya inasema mtoto aanzie anapofahamu, kwa hivyo kila kipindi cha hesabu Kadzo atachukua kiti chake aende darasa la nne mpaka awe tayari. Wala haikuwa adhabu, alisema. Sijui ni nani mwingine pale aliyeamini kwamba haikuwa adhabu.

Nami nilirudi dawatini na karatasi yangu yenye tisa.

Kila siku baada ya hapo, kengele ya kipindi cha pili ikilia, Kadzo alibeba kiti kidogo cha mbao kichwani akapita nje ya madirisha yetu. Wavulana walimpokea kwa wimbo: "Shangazi wa la nne! Shangazi, utawanyonyesha lini?" Siku za kwanza aliwajibu, na kumjibu Kadzo ilikuwa kazi. "Njooni na nyinyi mnyonye, maana akili za mamazenu hazikuwashibisha." Siku ya nne hakujibu. Mchana hakuja kwetu tena. Siku ya tano nilisikia kwa watoto wa jirani yao kwamba baba yake amesema ikiwa mtoto anarudishwa nyuma, basi shule imemshinda. Zikifungwa tu, atarudi Marafa kwa nyanya yake akasaidie shamba.

Zilibaki wiki tatu shule zifungwe.

Nataka kuandika kwamba nilipigana na nafsi yangu. Ukweli ni kwamba nilikula, nikalala, na katika hesabu nikaanza kukosea makusudi ili nisiulizwe. Nilikuwa nimegundua kuwa jibu la kosa haliulizwi limepatikanaje. Mama aliuliza, "Kadzo yu wapi?" nikasema ana kazi kwao. Hilo lilitoka bila shida yoyote. Uongo haukunikaa kooni.

Kisha ikafika zamu ya wazazi wa darasa la tano kuleta makuti ya banda la ufundi. Ilikuwa Alhamisi, baada ya chakula cha mchana. Mama alikuja na mkokoteni, vifungu saba vimefungwa juu yake, vyake na vya majirani, yeye nyuma akisukuma na kijana wa mkokoteni mbele. Mwalimu Nduku ndiye aliyepewa kazi ya kupokea. Alikuja na daftari na kalamu, nami nikaitwa kusaidia kushusha kwa kuwa ni mamangu.

"Habari yako, mama," akasema mwalimu.

Mama alingoja kidogo, akitazamia shikamoo, kisha akaona hapana. "Njema, mwalimu. Karibu makuti."

Mwalimu Nduku alifungua kifungu cha kwanza na kuanza. Moja. Mbili. Tatu. Alikuwa akilitoa kila kuti na kuliweka upande wa pili, na vumbi likimwingia puani. Mama alimtazama hadi kumi na nne, kisha akashindwa.

"Mwalimu, utakesha. Hesabu vifungu."

"Kifungu kina ngapi?"

"Korija."

"Korija ni nini, mama?"

Mama alinigeukia, kama anayeuliza kama mwalimu wangu anamfanyia mzaha. Aliona sicheki. Akashusha sauti, lakini si sana. "Hajui korija?"

"Sijui," Mwalimu Nduku akasema mwenyewe, akapangusa jasho. "Kwetu hakuna."

Sikuwahi kumsikia mwalimu akisema sijui. Alisema kama mtu anayesema hana chumvi, na hakuna kilichoanguka.

"Mwambie mwalimu wako," mama akaniambia. "Si wewe unayenihesabia kila siku? Na umwambie na habari ya la juu, asije akaandika zaidi akaniumbua."

Nilisimama kati yao. Nikaweka mkono juu ya kifungu, na nadhani ni mkono ule ulionisaidia, kwa kuwa kuti nililijua na ubao sikuujua. Nikasema, "Korija ni ishirini. La juu ni nguo, halihesabiwi. Kila kimoja korija kasoro moja."

"Kwa hivyo yote ni ngapi?"

"Mia moja thelathini na tatu."

Kalamu yake ilikuwa bado haijagusa karatasi. Akauliza swali lake, taratibu sana. "Umepataje?"

Mama akacheka. "Apateje tena? Mbona vifungu vyenyewe anaviona!" Alicheka swali lile lile alilonizungushia nyumba tatu. Hakuona wizi wowote ndani yake.

"Korija saba kasoro saba," nikasema.

Mwalimu Nduku akaketi juu ya makuti, na sketi yake nzuri. "Na thelathini na nane mara sita?"

"Korija mbili kasoro mbili, mara sita. Korija kumi na mbili kasoro kumi na mbili."

Alihesabu kwa kalamu, midomo ikitembea. Ikafika. Nikaona ikifika.

Na pale ningeweza kuishia. Alikuwa ameshafurahi, mama alikuwa ameshajivuna, kijana wa mkokoteni alikuwa anataka kuondoka. Ni mama aliyesema, akifunga kamba zake, "Na yule mwenzake Kadzo naye hodari, huwa wanashindana pale kwangu. Siku hizi haji. Mgonjwa?"

Mwalimu Nduku alinigeukia, na safari hii hakuuliza kitu.

"Hakuniangalia, mwalimu," nikasema. "Nilimfunza mimi, hata lile kosa la namba tisa."

Nililia, ndiyo. Mama hakuelewa nalilia nini na akaniambia nipenge kamasi mbele ya mwalimu.

Kesho yake kengele ya kipindi cha pili ilipolia, Kadzo alisimama kuchukua kiti. "Keti," Mwalimu Nduku akamwambia, na mbele ya darasa zima akasema kwamba amekosea yeye, mwalimu, na kwamba jioni atakwenda mwenyewe kumwona baba yake Kadzo. Kisha akauliza, "Lakini kwa nini ulisema uliangalia?"

"Uliuliza sana, mwalimu," Kadzo akajibu. "Na huyu alikuwa karibu kujikojolea."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu Nduku naye alicheka, kisha akaacha. Akainua macho kwenye karatasi ya manila akaisoma kimya, kama waraka umefika asubuhi ile. Siku hiyo hatukuiimba. Akampa Kadzo chaki, akaketi kwenye kiti kile kidogo cha mbao, akamwambia amfunze korija.

Fundi wa bwalo amemaliza upande mmoja. Nimemuuliza makuti yametoka wapi, na wenzangu waliokuwa karibu wamestaajabu kwamba yule asiyesema amesema. Fundi anasema yametoka Malindi, zaidi hajui. Siku hizi naeleza njia zangu zote katika hesabu, mstari kwa mstari, na walimu wananisifu. Baba yake Kadzo alikubali abaki shuleni. Kadzo alimaliza la nane nasi sote, akakosa mbili tu katika jaribio la mwisho la hesabu. Watu wakisimulia habari hizi kwetu husema Bubu alimwokoa Kadzo, nami huwa sisahihishi.

Kwa hivyo acha niandike mapumziko ya Ijumaa ile, ambayo hawayasimulii. Tulikaa kwenye ngazi ya darasa. Kadzo alikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma, na mara zote alikuwa akikikata katikati bila kufikiri. Siku ile alikula polepole, akitazama uwanja.

"Nusu korija kasoro moja," akasema.

Nilidhani anafanya mazoezi. Kisha nikahesabu. Siku tano za wiki ya kwanza, nne za wiki ya pili. Tisa. Alikuwa amezihesabu kila moja na kiti kichwani.

Nilifungua kinywa, nikakifunga. Nikamtazama ili aseme, kama alivyosema siku zote.

"Sema, Bubu," akaniambia. "Leo sikusemei."

Nikasema.